Nyuma ya Kifusi

Watu wa Buyenzi wakikuambia kwamba Khadidja ana mdomo, hawajamsingizia mtu. Ninao. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magari, na nikianza kusema alikuwa anaingia chini ya gari hata kama halina ubovu. Kwa hiyo usinione nimekaa kimya hapa mlangoni ukadhani ndiyo tabia yangu. Kimya hiki nilikitoa kule juu, kwenye machimbo ya mawe.

Machimbo yenyewe yako mlimani. Ukisimama pale, Bujumbura yote iko chini yako: mabati ya Zone Industrielle kwenye viwanda, bandari, meli za Kigoma, ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Sisi wanawake hatukuwa na muda wa kutazama ziwa. Kampuni inatoboa mwamba kwa mashine, mashimo membamba yanayokwenda chini sana, yanajazwa baruti, sirene inalia kama king'ora cha kuonya watu, mwamba unapasuka. Mawe madogo yanaingia kwenye mashine ya kusaga na kutoka kokoto za barabara. Yale makubwa, yasiyoingia kwenye mdomo wa mashine, yalikuwa yetu. Tunayapiga nyundo mpaka yanakubali, na kampuni inayanunua kwa rundo. Niliianza kazi hiyo mume wangu alipokufa, na ndiyo iliyomsomesha Kudra.

Kudra ni binti yangu, sina mwingine. Alisoma hapa, akaenda Lubumbashi kusomea mambo ya migodi, akarudi na diploma na kompyuta, na kampuni ileile ikampa kazi katika ofisi yake ya Zone Industrielle. Nilifurahi mpaka nikajiaibisha. Nilizunguka soko la Jabe nikimwambia kila muuza nyanya, hata wale ambao hawakuniuliza. Kazi yake ni nini hasa, hilo sikuliuliza. Mimi huyu, ninayeuliza kila kitu.

Kazi yake ilikuwa kupanga mashimo. Zamani Aloys, mkuu wa baruti, alikuwa anapima kwa hatua zake, shimo hapa, shimo pale, na mwamba ukipasuka nusu inaanguka mapande ya kutisha. Sasa Kudra anarusha kidege kidogo cha kupiga picha, picha zinaingia kwenye kompyuta, na programu inauchora mwamba wote, ugumu wake na nyufa zake. Halafu inaupiga madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Kila doa ni shimo. Programu inasema shimo likae wapi, liende chini kiasi gani, lijazwe baruti kiasi gani, ili mawe yote yatoke ya kuingia kwenye mashine. Na mwisho inachora mstari kuzunguka, kwamba jiwe haliruki kupita hapa, anayesimama nje ya mstari ni salama.

Siku walipolipua kwa mpango wa Kudra kwa mara ya kwanza, tulingoja vumbi litulie, tukaingia, kila mtu na nyundo yake, tukasimama. Hapakuwa na kitu cha kupiga. Mwamba ulikuwa umelala chini umekatika vizuri kama nyama ya mishikaki. Mashine ya kupakia ikachota yote ikaondoka. Geneviève akageuka kunitazama. Huyu Geneviève ndiye mkubwa wetu pale, mwanamke wa kanisani, mikono yake migumu kuliko ya mwanamume, na mgongoni hakosi mjukuu wake Bonfils, kwa sababu mama wa mtoto alifariki akimzaa. Hakunitukana. Aliniuliza tu mtoto wangu ameiambia nini mashine kuhusu sisi.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Kudra alikuwa anakula bugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nikamsimamia kichwani. Nikamkumbusha kwamba wanawake wale ndio waliomfungia chakula cha safari siku aliyoondoka kwenda Lubumbashi, na kwamba Geneviève alilia kumzidi mama yake mzazi. Nikamwambia aiambie programu yake ikosee kidogo tu, iache mawe makubwa pembeni, nani atajua? Akaniacha nimalize. Mwanangu ana upole wa baba yake, na unaniudhi vilevile.

“Naweza, mama,” akasema. “Ni kusogeza mashimo tu. Lakini shefu ana macho, ataona mawe. Ataniuliza, na mi sijui kusema uongo. We ndiye ulinikataza.”

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Basi tukakaa hivyo, tunaokota vijiwe kama kuku. Wengine wakaacha kupanda mlima. Wengine waliniamkia kwa shida, na nilipofika walikuwa wanabadilisha mazungumzo, mimi niliyekuwa nayaanzisha. Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kuliko njaa.

Halafu mawe makubwa yakarudi. Yalirudi upande mmoja tu, ule ulio karibu na kifusi, yaani lile rundo kubwa la udongo na takataka za mwamba tunalojificha nyuma yake wakati wa kulipua. Nilishangaa peke yangu, wenzangu hawakushangaa. Geneviève akanivuta pembeni, akanionyesha jiwe moja zuri, limelala kwa upande wake laini, akasema hilo ni langu. Kisha akanieleza. Watoboaji wakishuka jioni, mashimo yanabaki wazi mpaka baruti iletwe asubuhi. Wanawake walikuwa wanakwenda mapema kabla ya baruti, wanashindilia udongo na majani ya migomba ndani ya mashimo machache ya upande ule. Shimo lililozibwa halipokei baruti, na mwamba wa pale unabaki mapande. Hakuna anayeumia, hakuna anayeiba, ni mawe tu yanabaki na ukubwa wake. Ndivyo alivyosema, na nilimwona anaamini.

“Nyumbani usiseme,” akaniambia. “Ukisema, tumekufa.”

Sikusema. Nilichukua nyundo yangu nikalipiga jiwe lile, na wallahi lilikuwa tamu kulipiga.

Aliyelipia furaha yangu alikuwa Kudra. Shefu wake alianza kumuuliza mbona mpango wake wa kompyuta unatoa mawe kama ya Aloys wa zamani, na alimuuliza mbele ya watu. Mtoto akaacha kula. Akawa anarudia hesabu zake, anaangalia picha za mwamba, anafikiri labda kuna ufa ndani ambao programu haikuuona. Alikuwa ananieleza mimi, mama yake, akichora kwa kidole juu ya meza, na mimi naitikia eh, eh, huku najua. Siku moja akaniambia ameamua atasimama karibu zaidi, pale pale mstari wa usalama unapoishia, apige video mwamba unapopasuka, aone unakosea wapi. Nikamuuliza kama si hatari. Akanichekea, akasema mstari umepigwa hesabu, hauwezi kudanganya kama mashimo yamejazwa kama alivyopanga.

Uzito wa maneno hayo sikuuelewa mpaka Aloys aliponielewesha.

Aloys alikuwa anapenda maandazi yangu. Asubuhi ya siku ya kulipua nilipanda na maandazi, nikamkuta amekaa kwenye kivuli cha gari anangoja kumalizia kufunga nyaya zake, mashimo yameshajazwa. Mara ya mwisho jiwe lilikuwa limeruka likatoboa bati la kibanda cha mlinzi, na mlinzi kwa bahati alikuwa amekwenda chooni. Nikamtania Aloys kwamba siku hizi anavua samaki kwa baruti. Akacheka mdomo umejaa. Akaniambia kuna mashimo yanakufa, udongo unaanguka ndani, labda mvua, labda wale watoboaji wavivu. Nikamuuliza shimo likifa baruti yake inakwenda wapi. Aliniona kama mtu asiyejua dunia. Baruti, akasema, inaletwa na polisi mpaka pale, ikishatoka ghalani kuirudisha ni matatizo, maswali mpaka uchoke. Kwa hiyo ya shimo lililokufa anaipa jirani yake. Shimo la jirani linakula mara mbili, kwisha. Nikamuuliza kama Kudra anajua.

“Apana,” akasema. “Mutoto wako anapenda mpango wake ukae safi. Mi namwachia usafi wake.”

Andazi lililokuwa mkononi mwangu lilianguka. Aloys akaliokota, akalipuliza vumbi, akalila.

Nilimkuta Geneviève nyuma ya kifusi na wenzake, wameshajipanga, Bonfils mgongoni anavuta masikio ya bibi yake. Nikamwambia haraka haraka aliyoniambia Aloys. Nikamwomba waache. Akanijibu kwa utulivu kwamba nimechelewa, ya leo wamekwisha kuziba asubuhi, na zaidi ya yale ya siku nyingine, kwa sababu Pasaka inakaribia na kila mtu ana watoto wa kuvisha. Kuhusu jirani kula mara mbili, alisema hayo ni maneno ya Aloys, na Aloys anapenda kujikuza. Wengine wakaniangalia vibaya. Mmoja akasema damu ya Khadidja imeanza kumwita ofisini.

Sirene ikalia. Ile ya kwanza, ya kuondoa watu. Nikamtafuta Kudra kwa macho, nikamwona ng'ambo, upande mwingine kabisa wa machimbo, amesimama peke yake na kofia yake ya njano na kamera juu ya miguu mitatu. Simu zote zilikuwa zimezimwa, hairuhusiwi simu karibu na baruti. Kupiga kelele hakuna anayesikia sirene inapolia. Nilijua kitu kimoja tu: mtu akiingia juu ya mashimo, hawalipui. Nikatoka nyuma ya kifusi.

Geneviève alinishika nguo. Nikaivuta mpaka ikachanika.

Sikukimbia. Nilitembea juu ya ule uwanja wa mwamba, katikati ya nyaya, nasoma shahada moyoni. Nilifika kwenye shimo moja la upande ule, nikaona jani la mgomba limechungulia, nikakaa juu yake. Nilikaa kama ninavyokaa kwenye mkeka, miguu nimenyoosha. Nilikuwa naogopa, usidhani sikuogopa. Lakini nilikuwa namwona tu yule mwenye kofia ya njano.

Sirene ikakatika. Shefu akaanza kutukana kwa Kifaransa kutoka mbali. Kudra ndiye aliyefika wa kwanza, anahema, uso umemwiva kwa aibu, kwa sababu mama yake amekaa chini mbele ya kampuni nzima kama mwendawazimu. Aloys akafika nyuma yake, na shefu, na polisi. Wanawake nao walikuwa wametoka nyuma ya kifusi, wamesimama, wananiangalia mdomo.

“Mama, inuka,” Kudra akasema. “Unataka nini?”

“Shimo hili limezibwa,” nikasema. “Na lile pale, na yale yanayofuata mpaka kwenye ukingo. Tumeziba sisi. Na baruti yake muulize Aloys ameitia wapi.”

Nilisema tumeziba. Mkono wangu haukuwahi kugusa shimo hata moja, lakini jiwe nililipiga. Kudra akamgeukia Aloys, na Aloys akaanza kuangalia viatu vyake, na hapo mwanangu akaelewa yote kwa mara moja. Nilimwona anaelewa. Alianza kuhesabu kwa macho, shimo hadi shimo, midomo inacheza. Kisha akachuchumaa akanishika mkono akaniinua.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Mashimo yalisafishwa kwa taabu, mlipuko ukafanyika siku nyingine, mawe yakatoka ya kuingia kwenye mashine yote. Shefu alimsifu Kudra. Wanawake wote walifukuzwa machimboni na mlinzi akawekewa mbwa, na mimi nilifukuzwa pamoja nao, ndiyo haki. Aloys yuko bado. Aloys haondoki mahali, huyo hata mlima ukiisha atabaki yeye.

Wenzangu walishuka mlima mbele yangu, na hakuna aliyegeuka. Mitaani tukikutana walikuwa wanavuka barabara. Nilijisemea basi, nimemnunua mwanangu kwa bei hiyo, na bei sio kubwa. Nilijisemea hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilibaki na siku nzima ya kukaa mlangoni.

Jumapili moja mchana Kudra akaleta kompyuta mezani. Akaniambia ameuingiza mwamba wa siku ile jinsi ulivyokuwa kweli, mashimo yaliyozibwa ameyaziba, na majirani waliokula mara mbili amewajaza mara mbili, Aloys amemwambia yote. Akabonyeza. Nikaona mwamba mdogo unapasuka pale kwenye kioo, bila sauti, na mawe yanapanda juu kama vitone na kuanguka. Nikamuuliza yeye alikuwa amesimama wapi. Akanionyesha. Hakuna kitone kilichofika pale. Hata karibu.

Nikakasirika, Mungu anisamehe. Nikamwambia kwa hiyo nilikaa juu ya baruti bure, nimepoteza watu wangu wote bure, na yeye angepiga video yake akarudi kula?

“Apana, mama,” akasema. “Angalia hapa.”

Akasogeza kidole upande wa pili. Vitone vilikuwa vimepanda juu sana, vimevuka kifusi, na kulala nyuma yake vimejaa, vimebanana, mahali pamoja. Hakuniuliza nani hukaa pale. Yeye ndiye aliyeanza kulia.

Kesho yake nilikwenda Jabe. Geneviève alikuwa na beseni la ndagala kavu pembeni ya soko, Bonfils mgongoni, amekuwa mzito sasa. Aliponiona akaanza kuwapimia wateja ambao hawapo. Nikakaa chini bila kukaribishwa, nikamweleza: vitone, kifusi, mahali vilipoangukia. Alinisikiliza huku anatoa mchanga kwenye ndagala.

“Siku ile,” akaniuliza, “ulienda kukaa pale sababu yetu?”

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimeitengeneza ile ndiyo njia nzima kutoka Buyenzi, nilikuwa nimeilainisha, na ingenirudishia watu. Lakini alikuwa ananitazama machoni, na kweli ni kwamba nilipotoka nyuma ya kifusi sikumfikiria hata mmoja wao. Niliwaacha pale kama mtu anavyoacha viti.

“Apana,” nikasema. “Sababu ya Kudra.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu.

“Basi sasa nakuamini,” akasema. “Ungesema sababu yetu, ningejua ni hadithi umetunga na mtoto wako.”

Halafu mikono yake ikasimama ndani ya beseni. Nilimwona anarudi kule juu kwa mawazo, anajihesabu yeye na wenzake, na nilijua anafika wapi, nikatamani kumzuia.

“Mashimo ya mwisho niliziba mimi,” akasema. “Mi mwenyewe. Nilikuwa naye mgongoni.”

Akafungua kitenge, akamvuta Bonfils mbele, akamkalisha mapajani, akamzungushia mikono yote miwili yenye magamba ya samaki. Watu walikuja, wakauliza bei, hakuwasikia. Mimi nikachukua kopo lake la kupimia, nikawa nawapimia. Mtoto alikuwa anataka kushuka akacheze, anapiga mateke, analia, na Geneviève hakumwachia.